Kesi ya Kisu cha Eliufoo

Kwanza kabisa, sikuiba. Maneno yametembea mpaka Same mjini kwamba Mama Irine kaiba kisu kwa shemeji yake, na wanaoyatembeza ni watu waliokunywa chai yangu na kumalizia sukari. Mimi nilichukua. Kuchukua na kuiba ni mambo mawili, na kama hujui tofauti yake, kaa hapo unisikilize.

Jina langu la ubatizo ni Dorkasi, ila huku kwetu juu, upande wa Mbaga, nikisikia naitwa Dorkasi najua kaja mchungaji au mtu wa sensa. Kwa wengine wote mimi ni Mama Irine. Irine mwenyewe yuko Mwanza na mume wake. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, tunaongea mpaka dakika zake zinaisha, halafu nyumba inarudi kimya. Baba yake, Eliufoo, tulimzika mwaka juzi wakati wa masika, mvua ikitunyeshea wote, waliokuja kulia na waliokuja kula.

Siku ya kumaliza matanga ukoo uligawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu. Koti la sufu likaenda kwa mpwa wake. Redio, panga, fimbo, kila kimoja kilipata mwenyewe. Kisu chake cha kukunja akapewa Sadock, mdogo wake wa kumfuata. Mjane haulizwi anataka nini, mjane anabaki na nyumba, na nyumba yenyewe ni ya watoto. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, naangalia vitu vinatolewa ndani kimoja kimoja, huku nasema moyoni, kisu msikitaje, jamani, kisu msikitaje. Wakakitaja.

Utauliza kisu tu kina nini. Kilikuwa kisu kidogo cha kukunja, mpini wa pembe, chembamba kwa kunolewa. Eliufoo hakutoka mlangoni bila kukigusa mfukoni. Alikatia kucha, alikatia kamba ya mbuzi, na jioni alimenyea chungwa. Alilimenya ganda lisikatike hata mara moja, halafu kipande cha kwanza ananipa mimi. Tangu niolewe sikuwahi kumenya chungwa kwa mkono wangu. Baada ya msiba nilinunua machungwa sokoni Same, nikayaweka mezani, yakakaa pale mpaka yakaoza. Kwa hiyo nilikitaka. Sikutaka redio, sikutaka koti, nilitaka kile kitu alichokishika kila siku.

Sasa huyu Sadock anakaa ng'ambo ya korongo. Nikisimama jikoni kwangu naona bati la nyumba yake. Mke wake alikwenda Dar es Salaam kumsaidia binti yao aliyejifungua, mtoto akakua, akaja wa pili, mama hajarudi mpaka leo. Nyumba za katikati yetu zina makufuli, wenyewe wanakuja Desemba na magari yao, wanachoma nyama, wanapiga picha na milima, wanaondoka. Kwa mwaka mzima tuko sisi wawili, kila mtu na bati lake. Ungedhani tungetembeleana. Thubutu! Tangu matanga nilimpa salamu ya kanisani tu, na hiyo nayo kwa sababu mchungaji alikuwa anatuangalia.

Ikatokea akaugua malaria. Nilisikia dukani, nikampikia uji nikampelekea, maana sikutaka nije kuulizwa kanisani nikose la kujibu. Nimefika uwanjani, naita hodi, hakuna anayeitika, nikageuka upande wa banda la kuku. Hee! Kwenye kitasa cha banda, pale ambapo mtu mwenye akili anaweka kufuli au angalau msumari, nikakiona kisu cha Eliufoo kimechomekwa. Mpini wote ulikuwa umebanduka, kimebaki chuma kitupu, chekundu kwa kutu, kina mavi ya kuku. Mungu wangu. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Niliuacha uji mlangoni, nikachomoa kisu, mahali pake nikachomeka kijiti, kisu nikakifunga kwenye khanga nikashuka korongo. Kama huo ni wizi, basi.

Wiki hiyohiyo nilipanda gari la asubuhi linaloshuka Same. Pale karibu na soko kuna kijana anaitwa Anold, fundi wa miavuli, makufuli na visu, anakaa chini ya turubai na upepo wa Same unampigia vumbi tangu asubuhi. Akaniamkia, shikamoo mama, nikaitikia. Nikafungua khanga. Akakigeuza mara moja tu kile chuma, akanirudishia.

"Mama, hii ni skrepa. Nunua kipya cha Kichina, vipo hapo mbele, vinang'aa."

Nikamtolea uvivu. "Mwanangu, nimekuuliza vipya viko wapi?"

Akacheka, akavuta kigoda akaniambia nikae. Nilitaka akitengeneze yeye, lakini alikuwa na foleni ya kazi, na mimi nilipomwona ananyoosha mkono kukiweka kwenye ndoo pamoja na makorokoro ya watu wengine, roho ilikataa. Nikamwambia nielekeze, nitafanya mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayetaka kusema neno halafu anakumbuka ana mama yake. Akanielekeza: niroweke kwenye mafuta ya taa kutu ilegee, ribiti za zamani, zile pini zinazoshika mpini, nizisukume kwa msumari butu, halafu vipande viwili vya mpini nivibane kwa waya wa shaba, nigonge ncha zote mbili taratibu mpaka zitanuke zenyewe. Waya akanikatia. Akauliza mpini nataka wa nini, mbao, pembe au plastiki. Nikasema nitaona.

Nilivyofika nyumbani nikaona. Nyuma ya mlango wa jiko palikuwa na mchi wangu, mama yangu alinipa nilipoolewa, mti mgumu ule wa zamani uliokolea rangi kwa jasho la mikono. Tangu Eliufoo afariki haukuguswa. Mtu mmoja hatwangi. Utatwanga ngano ya nani, mahindi ya nani? Chakula cha mtu mmoja unanunua kilichokobolewa kwenye mfuko wa nailoni. Nikatafuta msumeno, nikaulaza mchi kwenye ngazi, nikaukalia, nikaanza kukata. Mkono ulisita kidogo, nisiseme uongo. Nikasema potelea mbali, nikakata.

Kazi ile ilinipa adabu. Kutu ilitoka kwa majivu na msasa mpaka vidole vikachubuka. Springi ya mgongoni ilikuwa bado ina nguvu, ikanibana kidole, damu ikatoka, nikacheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Vipande vya kwanza nilivipasua, kwa sababu nilipogonga ribiti nilikuwa namfikiria Sadock na banda lake la kuku, na nyundo inajua. Nikakata vingine. Hivyo vikakaa vizuri, ribiti zikakaza, nikafurahi, kumbe nimekaza mno, kisu hakifunguki hata kwa maombi. Nikampigia simu Anold. Alicheka mpaka nikataka kukata simu, kisha akaniambia nichomoe nianze upya, na safari hii kabla ya kugonga niweke karatasi nyembamba kati ya chuma na chuma, nikimaliza niivute itoke, ile nafasi ya karatasi ndiyo itakayokiachia kisu kipumue. Nikafanya hivyo. Kikafunguka. Kikajifunga, ta! Mlio uleule.

Nilikwangua mpini kwa kipande cha chupa, nikaupiga msasa laini, nikaupaka mafuta ya alizeti na kuusugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa rangi ya kahawia nyeusi. Jiwe la kunolea la Eliufoo lilikuwa bado lipo pale kwenye ngazi, lenye bonde katikati. Hilo kwenye matanga hakuna aliyelikumbuka. Nikanoa. Halafu nikachukua chungwa nikakaa pale anapokaa yeye, nikamenya, ganda likanikatikia mara ya kwanza tu, nikaliweka chungwa chini sikulila.

Unajua kitu kibaya? Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nilikigeuza huku, nikakigeuza kule, mikono yangu yenyewe siiamini, nataka kusema jamani tazameni, na wa kutazama ni mbuzi. Nikakipiga picha nikamtumia Irine. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba! Kazi yote ile, mtoto niliyemzaa ananinyanyulia kidole kwenye simu. Najua yuko kazini, najua ana watoto, lakini iliniuma.

Ndipo Jumapili ya mavuno nikakibeba kanisani. Kwetu Walutheri, baada ya ibada sadaka za shambani zinapigwa mnada pale nje: ndizi, miwa, mayai, jogoo. Nikanunua muwa makusudi. Nikasimama katikati ya watu, nikakitoa kisu mfukoni mwa gauni, nikakifungua nikaanza kumenya, na nikamenya kwa madaha hasa. Wanawake wakasogea. Kizuri, Mama Irine, umekitoa wapi? Hata sijajibu, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hicho ni kisu cha kaka yangu."

Alikuwa Sadock, amepona malaria, amekonda, suti imemning'inia. Nikamwambia hiki ni kisu changu, cha kaka yako kiko kwenye banda la kuku, kakitafute. Watu wakacheka. Uso wake ukabadilika, akaondoka bila kunywa hata chai ya usharika, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshafika kwa Tumainieli, mwenyekiti wetu wa kitongoji, kunishitaki. Watani zetu Wachaga wanasema Mpare akikosa kesi anaumwa. Waache waseme.

Tumainieli alitaka nikipeleke kisu kwake kikae hadi shauri liishe. Nikamjibu kidhibiti hakitoki uani kwangu, mwenye kutaka kukiona aje. Basi kesi ikapangwa kwangu, Jumamosi asubuhi. Wakaja Tumainieli mwenyewe, Mzee Aminieli ambaye ndiye msemaji wa ukoo wa mume wangu, na Agatha, mjumbe wa upande wa kinamama, mtu mnene mwenye maneno machache. Sadock akaja na shauri la pili juu ya la kwanza: kile kijiti nilichochomeka kilidondoka, nguchiro akaingia bandani, akala kuku wake mtetea. Kwa hiyo anadai kisu na anadai kuku.

Nilisimama nikatema yote. Nikasema mtu aliyepewa mali ya marehemu akaiacha ioze kwenye mavi ya kuku, ana mdomo gani wa kusema ni yake? Nilichokichukua kilikuwa kutu, kisu nimekitengeneza mimi. Sadock naye akasimama, akasema alipewa mbele ya ukoo, na ukoo haukumwambia akiweke wapi. Tukapandishana sauti. Tumainieli akagonga benchi. Ili kutuliza mambo, Mzee Aminieli akaomba akione hicho kisu chenyewe.

Nikampa. Mzee akausugua mpini kwa dole gumba, halafu akajaribu kukifungua, kucha yake ikateleza.

"Eliufoo hakukifungua kwa kucha," akasema. "Alikuwa anakifungua kwa meno. Nilimwambia siku moja yatakutoka."

"Na likamtoka moja," Sadock akasema. "La pembeni."

"Akasema limetoka kwa sababu ya muwa," Agatha akadakia, "na ule muwa wenyewe aliuchukua shambani kwangu."

Wakacheka wote. Mimi nikakaa chini. Nataka uelewe hapa, maana hapa ndipo penyewe. Tangu matanga hakuna mtu aliyelitaja jina la Eliufoo mbele yangu. Watu wanaona kumtaja marehemu mbele ya mjane ni kumtonesha, wanaongea juu ya mvua na bei ya tangawizi, wanaondoka wakijiona wamekusitiri. Nilikuwa nakaa na jina lile peke yangu, nikilisema kwa sauti jikoni ili lisisahau njia ya kutoka mdomoni. Na sasa wako uani kwangu watu wazima wanabishana ni jino la upande gani lililomtoka mume wangu. Nikaenda jikoni kuongeza maji ya chai, nikasimama kule mpaka uso ukakauka.

Shauri halikuisha siku ile. Likapelekwa Jumamosi nyingine, kwa sababu Tumainieli alitaka shahidi aliyekuwepo kwenye ugawaji. Jumamosi hiyo akaja shahidi, akaja pia shahidi mwingine wa kumpinga. Kesi ikanoga. Mmoja anasema Eliufoo alikinunua mnadani, mwingine anasema alipewa. Mmoja anakumbuka alivyomtoa mwiba mtoto wake kwa kisu kilekile, mtoto huyo sasa ni dereva wa lori. Nikaanza kukaanga maandazi. Nikaazima benchi la pili. Ijumaa jioni nafagia uwanja, najipangia maneno ya kumchoma nayo Sadock, nalala vizuri. Na usidhani nilikuwa nafanya mchezo, kisu nilikuwa nakitaka kwelikweli, nisingekubali kitoke. Nilikuwa nakilaza chini ya mto.

Kisha Sadock akatoa ushahidi wake mwenyewe. Alisimama ameshika kofia. Akasema walipokuwa vijana, yeye na kaka yake walishuka Bendera, kule tambarare, kulima, joto na mbu, wanalala kwenye kibanda kimoja. Walipouza mavuno yao ya kwanza, walikinunua kile kisu wote wawili kwa hela yao ya pamoja, na walipopanda mlima kurudi nyumbani walipokezana kukibeba, huyu mpaka kwenye kona ile, huyu mpaka kwenye mto. Walipofika nyumbani Eliufoo akasema, mimi mkubwa, kitakaa kwangu, nikitangulia kitakuwa chako.

"Maneno mazuri," nikasema. "Na kikawa chako, ukakichomeka kwenye banda la kuku."

Tumainieli akaniambia nimwache shahidi amalize. Sadock akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na mimi sikuwahi kumwona huyu mtu analia, hata kaburini.

"Mpini ulibanduka, shemeji," akasema. "Mikono yangu inatetemeka siku hizi, sikuweza kuutengeneza. Nikikiweka ndani kwenye sanduku nitakisahau. Banda la kuku nalifungua kila asubuhi, nalifunga kila jioni. Nilikiweka pale ili nikishike."

Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, kali, nililitunga tangu Alhamisi, likapotea. Lakini sikutaka ionekane nimeyumba. Mzee Aminieli alipoona hivyo akajikohoza, akatoa ushauri wake: chuma ni cha Sadock, alipewa na ukoo. Mpini ni wa Mama Irine, umetoka kwenye mchi wake. Kila mmoja ana haki yake.

"Sawa," nikasema. Hasira ikapanda upya, afadhali hasira kuliko kile kingine kilichokuwa kinapanda. "Kama ni hivyo tukitenganishe sasa hivi. Yeye achukue chuma chake akafungie kuku." Nikaingia ndani mbio, nikatoka na nyundo na msumari butu, nikakilaza kisu juu ya jiwe, nikaweka msumari kwenye ribiti, nikanyanyua mkono.

"Acha!" Sadock alipiga kelele. Alinishika mkono, na kweli mkono wake ulikuwa unatetemeka. "Acha, shemeji, usikivunje. Kaa nacho. Nimeiacha kesi."

Nikabaki na nyundo hewani. Agatha, yeye na maneno yake machache, akasema polepole, "Kama ya Sulemani na wale wanawake wawili." Na kila mtu pale anaijua Biblia, hakuna aliyehitaji kuambiwa mimi ni yupi kati ya wale wawili. Nilitamani ardhi ipasuke. Tumainieli akauliza kama Sadock ameacha kwa hiari yake, akasema ndiyo. Basi, shauri limekwisha. Nikaenda bandani kwangu nikamkamata mtetea bora kuliko marehemu wake, nikampa Sadock mkononi. Akampokea. Waliaga, wakashuka njia moja nyuma ya mwingine, nikasikia sauti zao hadi kwenye mgomba wa mwisho.

Ijumaa iliyofuata nilifagia uwanja. Mikono ilifagia yenyewe. Jumamosi nikachemsha chai ya sufuria kubwa, nikakaanga maandazi, nikapanga mabenchi, nikavaa. Nimeshakaa ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayekuja. Nilishinda kesi. Nikajimiminia kikombe kimoja, chai iliyobaki nikamwaga kwenye migomba, maandazi nikawapa mbuzi na mbuzi hawakuyapenda. Kisu kilikuwa mapajani kwangu, kizima, kinang'aa, changu, hakuna wa kuniuliza. Nikakifungua kwa meno. Nikalia, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi sikukilia, maana siku ya mazishi nilikuwa na watu. Nilichokitaka nilikuwa nacho mkononi, na hakuna mtu tena aliyekuwa na sababu ya kuja kukaa uani kwangu kusema Eliufoo alikuwa hivi, Eliufoo alikuwa vile. Ng'ambo ya korongo bati la Sadock lilikuwa linawaka jua, na hakuna moshi. Nikajiuliza kama amekula. Nikajiambia haikuhusu.

Nilivumilia mpaka Jumatatu. Jumatatu nikavaa kitenge cha kutokea, nikapanda kwa Tumainieli. Nilimkuta anapalilia kahawa, akaacha jembe akanikaribisha kwenye kigogo.

"Mwenyekiti," nikasema, "nimekuja kukata rufaa."

Akanitazama. "Rufaa ya nini, Mama Irine? Wewe ndiye uliyeshinda."

"Sikushinda. Sadock aliacha. Ile kesi haijahukumiwa, na mimi sitaki kitu cha kuachiwa. Nataka ihukumiwe. Kama kisu ni chake, nihukumiwe kwamba ni chake, nikitoe mbele za watu. Na kuna mashahidi hawajasikilizwa. Kuna watu wa Bendera. Kuna yule dereva wa lori aliyetolewa mwiba, hakuitwa."

"Mama Irine."

"Na mimi mwenyewe sikutoa ushahidi wangu. Nilipiga kelele tu. Sikueleza habari ya machungwa."

"Mama Irine," akasema tena, kwa upole, na upole wake ulinikera. "Wazee wametumia Jumamosi zao nyingi kwa hiki kisu. Nikiwaambia tunaanza upya watanishangaa. Sasa niambie mimi. Unataka nini hasa?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kisheria, nilikuwa nimeyapanga njiani kote. Yakanikaukia. Nikatazama kahawa yake, nikatazama viatu vyangu.

"Nataka mje," nikasema. "Mje mbishane. Basi."

Tumainieli alifuta udongo mikononi kwa muda mrefu kuliko udongo wenyewe ulivyokuwa, kisha akatoa simu mfukoni. Akasema rufaa haiwezi kusikilizwa bila upande wa pili, lazima mtu aulizwe kama yuko tayari, na kama Sadock hataki hakuna wa kumlazimisha, alishaiacha kesi mbele ya watu. Nikamwambia ampigie. Nilikaa vizuri kwenye kile kigogo kama niko kanisani. Akapiga, akaweka sauti ya nje ili nisikie mwenyewe, asije akaambiwa kapindisha. Ikaita, ikaita, nikadhani haitapokelewa.

"Sadock," akasema. "Ni mimi, mwenyekiti. Shemeji yako yuko hapa. Amekata rufaa ya kile kisu, anataka kesi ianze upya, Jumamosi, palepale uani kwake."

Nikasikia kuku wake wakilia kwa mbali. Halafu nikasikia sauti ya Sadock, imekwaruza kama ya mtu ambaye siku hiyo hajasema na mtu yeyote.

"Saa ngapi?"